Mkono Ndio wa Mwisho Kufika

Kuna imani imeota mizizi huku kwetu Mambrui, na kila tukiinyamazia inazidi kunenepa. Imani yenyewe ni kwamba kurusha ni kazi ya mkono, kwa hiyo mwenye mkono mnene ndiye mrushaji. Utaikuta barazani baada ya Alasiri. Utaikuta kwenye jimu za uani, ambako vijana hunyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la chuma, kisha hupigana picha za misuli. Na utaikuta shuleni, ambako ndiko inakofanya madhara hasa. Mashindano ya zoni yakikaribia, mwalimu wa michezo huwapanga watoto mstari mmoja, akawatazama juu hadi chini, na kazi imekwisha. Mwembamba akimbie. Mrefu aruke. Yule mwenye kifua na mabega aende tufe na mkuki. Hakuna anayemwuliza mwenye kifua kama anajua kurusha, wala anayemwuliza mwembamba kama kweli hajui.

Miaka ya karibuni imani hiyo imepata nyumba mpya. Vijana wetu wameanza kutazama futiboli ya Kimarekani kwenye simu, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili na kofia ngumu, na mle ndani yupo mtu mmoja ambaye kila shambulizi hupitia mikononi mwake. Anaitwa kwotabeki. Mpira hurudishwa nyuma kwake, naye ana sekunde mbili tatu za kuamua, huku majitu ya kilo 120 yanamjia yakitaka kumlaza chini. Kazi yake ni kuutupa mpira ule umfikie mwenzake anayekimbia. Waulize hawa vijana kinachomfanya kwotabeki awe bora, watakujibu kwa neno moja: mkono. Watakutolea simu wakuonyeshe Josh Allen wa Buffalo akituma mpira yadi 60, wakuonyeshe Patrick Mahomes wa Kansas City, kisha wakukodolee macho: "Haya, una la kusema?"

Ninalo, tena jingi.

Kwanza niseme kwa nini mtu wa Mambrui ajishughulishe na mchezo wa watu wa mbali. Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Mumbai ikapitisha michezo mitano iongezwe kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Miwili kati ya hiyo yafaa ituamshe: kriketi, na futiboli ya bendera, ambayo ni ndugu mpole wa ile ya kofia ngumu. Wachezaji ni watano kila upande, wanawake wana mashindano yao na wanaume yao, na hakuna kuangushana. Badala yake unamnyakua mwenye mpira kitambaa kinachoning'inia kiunoni. Mchezo huu hautaki uwanja wa mamilioni. Wataka mpira, vitambaa, na mahali pa upana wa yadi 25 na urefu wa yadi 70, na maji yakishakupwa, ufuo wa Mambrui una viwanja vya namna hiyo hadi mwisho wa macho. NFL yenyewe, ligi kubwa ya huko Marekani, ilifika Nairobi mwaka 2023 kusaka vipaji. Kwa hiyo swali la nani apewe mpira autupe limeshatoka kwenye porojo. Tukiwachagua watu kwa unene wa mkono, tutakuwa tumeharibu kabla hatujaanza.

Ushahidi wangu wa kwanza hauko Marekani. Uko Nandi. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki bila kocha, akiwatazama Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway kwenye YouTube, mpaka dunia ikambandika jina la Bwana YouTube. Agosti 2015, Beijing, raundi ya tatu ya fainali ya mashindano ya dunia, aliutuma mkuki mita 92.72. Tangu Železný mwenyewe mwaka 2001, hakuna aliyekuwa amefika huko. Wa pili siku ile alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri kwa mita 88.99, na wa tatu Tero Pitkämäki wa Finland kwa 87.64. Pitkämäki ana urefu wa mita 1.95. Yego ana 1.75. Angepangwa kwenye ule mstari wa mwalimu wetu, Yego angeambiwa akakimbie. Tena mtu wa Nandi, angeambiwa hata kabla hajatazamwa.

Itazame ile video kama yeye alivyokuwa akizitazama za wenzake, polepole, na usiuangalie mkono. Angalia miguu. Anakuja mbio, mkono ameuacha nyuma, umelegea, bado hauna kazi. Hatua za mwisho anapishanisha miguu, mwili umekaa ubavu, nyonga zimeyatangulia mabega. Halafu mguu wa kushoto unapigwa chini mbele, umenyooka, goti halikunjiki, na kasi yote ya zile mbio inagota pale pale. Miguu imesimama lakini kiwiliwili hakijapata habari, kinaendelea. Nyonga zinageuka, kifua kinafuata, bega linafuata kifua, kiwiko kinafuata bega, na mwisho kabisa, kwa muda mfupi ambao jicho haliwahi, kiganja. Mkuki ukishaondoka Yego mwenyewe huanguka kifudifudi, kwa sababu kila alichokuja nacho amekitoa. Mkono katika kazi ile ndio wa mwisho kufika. Unapokea nguvu iliyokusanywa na wengine, unaifikisha.

Mkuki wa wanaume una gramu 800. Mtu yeyote anayebeba magunia kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni ana msuli wa kutosha kuunyanyua mchana kutwa. Kinachoupeleka mbali ni kasi yake unapoachiwa, na pembe yake, na namna ncha inavyoelekea upepo. Kasi hiyo haitoki kwenye bega peke yake. Wataalamu wa viungo waliopima sevu ya tenisi walikuta kwamba takriban nusu ya nguvu inayoufikia mpira huzaliwa miguuni, nyongani na kiwiliwilini. Na kama bado una shaka, kumbuka Rio, 2016. Yego alirusha mita 88.24 mwanzoni, akaumia kifundo cha mguu, akashindwa kuendelea hadi mwisho. Fedha ikawa yake, dhahabu ikaenda kwa Thomas Röhler wa Ujerumani kwa mita 90.30. Mkono wa Yego siku ile ulikuwa mzima kabisa. Hebu mwenye imani ya mkono anieleze ulishindwa na nini.

Najua nitajibiwa kwamba Yego naye hunyanyua vyuma. Kweli, hunyanyua, na sijasema popote kwamba ulegevu ni sifa. Ninachokataa ni kumpima mrushaji kwa kumkamata mtulinga.

Na wala hatuhitaji YouTube. Shuka mlango wa Sabaki asubuhi maji yanapoanza kujaa, utawakuta watu wa kimia. Wengi wao wana umri wa kuitwa babu na mikono mikavu kama fito. Mmoja niliyezoea kumtazama husimama maji yakimfika mapajani, kamba ameizungusha kifundo cha mkono wa kushoto, sehemu ya wavu imekaa begani, ukingo mmoja ameuma kwa meno. Hatupi. Anatazama maji. Watu wanaopita huona kama amelala kwa wima. Kisha anazunguka kidogo kutoka kiunoni, meno yanaachia, na wavu unafunguka duara zima hewani, vipande vya risasi vikipiga maji kwa mara moja pande zote. Mpwa wangu, kijana wa jimu, aliuomba ule wavu siku moja akautupa kwa bega lake lote. Ulikwenda mbali kuliko wa mzee, nakiri, lakini ulianguka kama furushi la nguo za kufua. "Mjomba, wavu wenyewe umechoka," akaniambia. Mzee hakumpa hata nafasi ya kumaliza: "Wavu haujachoka, mwanangu. Umekuja na mabega tu, kiuno umekiacha nyumbani."

Lakini si kiuno tu. Mkizi hawasubiri mtu. Ukiutupa wavu walipo, utaanguka walipokuwa. Yule mzee huutupa wanakokwenda, na nusu ya ufundi wake ni zile dakika ambazo hakutupa kabisa. Kwotabeki naye hivyo hivyo. Mpira mzuri huondoka mkononi mwake kabla mwenzake hajageuka kuutazama, unakwenda mahali ambapo bado hapana mtu. Anayesubiri amwone mwenzake amebaki peke yake ndipo atupe, hata awe na mkono wa namna gani, atakuwa ameutupa walipokuwa.

Waumini wa mkono hupenda sana kasi, kwa hiyo niwape kasi. Machi 15, 2003, Durban, Kombe la Dunia la kriketi, Kenya dhidi ya Australia waliokuwa mabingwa. Australia walikuwa na Brett Lee, mmoja wa warushaji wenye kasi kubwa kabisa waliopata kuonekana, na siku hiyo Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kenya ikaambulia mikimbio 174. Kisha ukaingia mkono wa pili: Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, umri miaka 39, mtu aliyekwisha kustaafu baada ya Kombe la Dunia la 1999 akarudishwa kwa kuombwa. Alirusha kwa mkono wa kushoto, mpira wa polepole, wa kuzunguka. Katika ova (zamu za kurusha) nane na mipira miwili alitoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani kuwatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg, na ova sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia walishinda mechi, sitaficha. Lakini mchezaji bora wa siku alitajwa Karim, mtu wa upande ulioshindwa, mbele ya Lee na mipira yake mitatu. Mabingwa wa dunia waliuona mpira wake ukija tangu mbali, wakashindwa kujua wauchezeje.

Sasa twende kwao wenyewe Wamarekani, maana huko ndiko vijana wetu wanakodai kwamba jambo hili lilishaamuliwa.

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu za NFL huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Huiita drafti. Kabla ya hapo wanapimwa kama ng'ombe wa mnada: urefu, uzito, mbio, kuruka, ukubwa wa kiganja. Liko hata zoezi la kulala chali na kunyanyua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102, mara nyingi uwezavyo. Kwa kawaida kwotabeki halifanyi. Hata hao wanaopima kila kitu hawaoni faida ya kumhesabia kwotabeki vyuma. Huku kwetu ndiko tunakomhesabia.

Katika drafti ya mwaka 2000 makwotabeki sita walichukuliwa kabla ya kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wapimaji walimwona mwembamba, mzito wa miguu, aliyetumia sekunde 5.28 kumaliza yadi 40, na mkono wake hawakuuona wa kutisha mtu. Mmoja wa wale sita waliomtangulia, Spergon Wynn, alisifiwa zaidi ya yote kwa mkono. Alicheza mechi chache akatoweka. Mwingine, Giovanni Carmazzi, hakucheza hata mechi moja ya msimu. Yule mwembamba alichaguliwa wa 199. Jina lake Tom Brady. Alistaafu na mataji saba ya Super Bowl (fainali ya NFL), la mwisho akilipata akiwa na miaka 43, umri ambao mkono wa binadamu yeyote umeshaanza kumdai.

Mwaka 2007 timu ya Oakland ilikuwa na zamu ya kwanza kabisa. Ilimchukua JaMarcus Russell. Sifa yake iliyovuma ni kwamba aliweza kupiga magoti akautuma mpira yadi 60. Fikiria: magoti! Mtu aliyeondolewa miguu, nyonga na mbio, amebaki mkono mtupu, na watu wakamshangilia kwa hilo hilo. Alianza mechi 25, akashinda 7, na kufikia Mei 2010 timu ilikuwa imeachana naye. Hakucheza tena NFL. Simcheki, kuanguka kwake kulikuwa na sababu nyingi. Lakini mkono wake haukuwa mojawapo. Aliondoka kwenye ligi na mkono ule ule alioingia nao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Peyton Manning, kwa sababu ni kama jaribio lililopangwa makusudi. Ni mtu mmoja, kichwa kimoja, mikono miwili tofauti. Shingo ilimharibikia, akafanyiwa upasuaji, neva za kuuendesha mkono wa kulia zikadhoofika, akakosa msimu wote wa 2011. Indianapolis, timu aliyoichezea tangu 1998, ikamwachia. Denver wakamchukua. Kila aliyekuwa na macho aliona mipira yake ikiyumba hewani, ikifika kama barua ya posta. Katika msimu wa 2013, akiwa na miaka 37 na mkono huo mgonjwa, alitupa pasi za mabao 55 na jumla ya yadi 5,477. Rekodi zote mbili zilikuwa mpya, naye akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Ule mkono wake mzima wa ujanani haukuwahi kufanya hivyo. Alichokuwa nacho 2013 ni miaka 15 ya kuwasoma mabeki wanavyosimama, na kujua kabla mpira haujamfikia ni nani atakayebaki wazi.

Mwenye kujua mchezo atanikatiza hapa, na ana haki. Msimu huo huo Manning aliingia fainali akapigwa na Seattle 43 kwa 8. Na msimu wa 2015 alitupa pasi za mabao 9 tu huku 17 zikidakwa na wapinzani, na ubingwa alioupata mwisho wa msimu huo aliletewa na mabeki wake. Naam. Hiyo ya 2015 naikubali bila kubisha: mkono ulikuwa umeshuka chini ya kizingiti. Kizingiti kipo. Uwanja wa NFL una upana wa yadi 53 na kidogo, na asiyeweza kuutuma mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla beki hajafika hafai kazi ile. Lakini kizingiti hupandwa mara moja, ukishaingia umeingia. Hakuna anayepewa chumba kikubwa zaidi kwa kuwa aliruka kizingiti juu zaidi. Sehemu kubwa ya pasi za NFL huangukia ndani ya yadi 10 mbele ya mstari ambapo shambulizi huanzia. Zile za yadi 60 ni za kupamba video.

Basi tumrudie huyo Josh Allen, kwa sababu yeye ndiye ngao yao. Allen alichaguliwa wa 7 katika drafti ya 2018, na hakuna aliyebisha kwamba alikuwa na mkono mkubwa kuliko wenzake wote. Msimu wa kwanza, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8. Wa pili, 58.8. Msimu wa 2020, asilimia 69.2, na Allen akawa miongoni mwa wakubwa wa ligi. Ni mkono upi huo uliomtoa 52 ukamfikisha 69? Ni ule ule. Kilichobadilika ni miguu yake inavyosimama, nyonga zinavyoelekea anakotupa, na jinsi anavyousoma uwanja. Kweli Buffalo walimletea pia mdakaji hodari, Stefon Diggs, mwaka 2020. Lakini hilo nalo si mkono. Vijana wetu wamemshika Allen kama ushahidi wao, na katika miaka yote ya Allen mkono ndio kitu pekee ambacho hakikuongezeka.

Kuna rafiki yangu, mtu wa bahari, aliyeniletea hoja ambayo naiheshimu kuliko zote. "Wewe wasahau upepo," akaniambia. "Kusi la Julai hapa ufuoni linang'oa hadi makuti. Mpira wa mkono dhaifu utafika wapi?" Hoja safi, na ya mtu aliyeishi Mambrui. Jibu lake lilitolewa usiku wa Jumatatu, Desemba 6, 2021, Buffalo kwenyewe, nyumbani kwa Allen, katika upepo uliotajwa kuvuma hadi maili 40 kwa saa. New England walimleta Mac Jones, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuna aliyewahi kumwita mwenye mkono. Jones alitupa pasi tatu usiku mzima. Mbili zilifika, yadi 19 jumla. Mpira wakaukimbiza kwa miguu yadi 222. Allen na mkono wake mkubwa alitupa mara 30, zikafika 15. New England 14, Buffalo 10. Upepo ulipozidi, timu iliyokubali kwamba huu ni upepo ndiyo iliyoondoka na ushindi. Na yeyote aliyewahi kuendesha dau siku ya kusi anajua kuna wakati hupandishi tanga.

Na kumbuka nimekuwa nikizungumzia mchezo wa kofia ngumu, wenye uwanja mpana. Katika futiboli ya bendera, ambayo ndiyo itakayochezwa Los Angeles, upana ni yadi 25, hata nusu ya ule haufiki. Kizingiti cha mkono kinashuka chini zaidi. Mwaka 2022, kwenye Michezo ya Dunia iliyofanyika Birmingham, Alabama, wanawake wa Mexico wakiongozwa na kwotabeki Diana Flores waliwafunga Marekani 39 kwa 6 katika fainali. Marekani, nchi yenye mikono yote, katika mchezo walioubuni wao, nyumbani kwao. Msichana wa Magarini anayeambiwa leo kwamba kurusha si kazi ya kike aonyeshwe matokeo hayo.

Madhara ya imani hii siyo ya kukisia. Mtoto akishaambiwa nguvu iko mkononi, atarusha kwa mkono, tena kwa bega moja na kiwiko kimoja ambavyo bado vinakua. Ligi ya watoto ya besiboli huko Marekani iliwekea kikomo idadi ya mipira ambayo mtoto aruhusiwa kurusha kwa siku, kuanzia msimu wa 2007, kwa sababu ya viwiko na mabega yaliyokuwa yakiharibika. Sisi hatuna kikomo. Tuna mwalimu amesimama pembeni akipiga kelele, "Tia nguvu! Tia nguvu!" Kijana anatia nguvu, mkuki unakwenda mita 30 ukiwa umelala ubavu, bega linauma wiki mbili, na hiyo ndiyo inakuwa habari ya mrushaji wetu. Yule mwembamba aliyekuwa akitungua maembe mabichi kileleni kwa jiwe moja, aliyejua tangu darasa la nne ni lini aliachie, yuko upande wa pili wa uwanja anakimbia mita 1,500 na kumaliza wa kumi na nne.

Ninachowaomba walimu wa michezo wa Mambrui, Gongoni, Marereni na Ngomeni hakihitaji bajeti ya kaunti. Msimu ujao, kabla hujawapanga watoto kwa mabega, mpe kila mmoja nafasi, wavulana kwa wasichana. Ufito wa mkoko utafaa mahali pa mkuki, na mpira wowote utafaa mahali pa ule wenye ncha. Chora duara kwenye mchanga kwa mguu, umbali wa mita 20 hivi, uone nani analipiga mara tatu kwa nne. Kisha mwambie mwenzake akimbie akikatiza mbele, uone nani anautupa anakokwenda na nani anautupa alikokuwa. Mwisho mtu mmoja amkimbilie mrushaji usoni huku amenyoosha mikono, uone nani anafumba macho. Andika majina ya waliofaulu yote matatu. Ndipo, kama utakuwa bado unataka, uwatazame mikono.